Bisibisi ya kifuniko na bisibisi ya koili

Swali: "Fundi, habari ya siku. Mimi ni mhasibu, naishi Kahawa West, na jioni nikitoka kazini hucheza na elektroniki mezani kwangu. Nina kazi tatu: redio ya transista aliyoacha marehemu baba, moduli za kushusha volti ninazotumia na betri ya sola, na bodi ndogo za A4988 za kuendeshea mota za kimashine cha kuchora. Nilinunua seti ya bisibisi ya vipande thelathini na kitu. Wiki iliyopita nilizungusha kiini cha kile kikopo cha njano cha redio, kikapasuka. Priseti moja ya buluu, kile kipingamizi cha kuzungusha cha kupangia volti kwenye moduli, nayo imelika kichwa. Rafiki yangu anasema ninunue bisibisi ya kauri, lakini bei yake imenishtua. Ninunue hiyo, au kuna kitu cha bei nafuu kitakachonifaa?"

Njema, ndugu yangu, na pole kwa redio ya mzee. Kabla hujatoa pesa ya kauri, nikuulize jambo ambalo rafiki yako hakukuuliza: bisibisi ikiwa imeingia ndani ya koili na redio inalia, inafanya nini pale? Wengi hujibu kwamba inazungusha. Sawa, lakini wakati huohuo imekuwa kipande cha saketi. Ni chuma kilichochomekwa katikati ya koili, na upande wa pili umeshikwa na mkono wako ambao nao unapitisha umeme. Kila ninachokuambia hapa chini kinatoka kwenye jambo hilo moja. Kazi zako tatu zinataka vifaa vitatu tofauti, na cha redio unaweza kukitengeneza mwenyewe.

Nianze na redio, maana ndiyo iliyokuuma. Ukichungulia ndani ya vile vikopo vya bati vinavyofunika koili utaona kila kimoja kina rangi yake juu ya kiini. Kwenye redio nyingi za AM za transista, chekundu ni cha osileta, saketi inayozalisha masafa ya redio yenyewe ndani, cha njano ndicho cha kwanza katika msururu wa masafa ya kati, yale ambayo kila steshoni hugeuzwa kuwa kwayo, cheupe cha pili, cheusi cha tatu. Hivyo vitatu vya mwisho mara nyingi hukaa kwenye kilohezi 455. Rangi hiyo imepakwa juu ya feraiti, na feraiti si chuma hata kama sumaku inaivuta. Ni unga wa oksidi za chuma uliokandamizwa kisha ukachomwa kwenye tanuri, ndugu wa kigae. Sasa itazame ncha ya bisibisi yako ya seti kwa upande, ukiiweka mbele ya taa. Utaona imechongwa kama shoka, nyembamba mbele na nene kadiri inavyopanda. Ukiisukuma ndani ya mfuo wa kiini, haigusi chini. Inabana kwenye midomo miwili ya juu, na unapozungusha huku ukikandamiza unakuwa unapasua kuni. Hukutumia nguvu nyingi, naamini. Umbo la ncha ndilo lililokiua.

Ncha inayotakiwa ina unene uleule kuanzia mwisho hadi inapotokea juu ya mfuo, na inajaza mfuo kwa upana bila kucheza. Kama kiini kina tundu la pembe sita badala ya mfuo, basi ni kijiti cha pembe sita tu, na cha kipimo chake. Usijaribu kuingiza ncha bapa kwenye pembe mbili za tundu. Wengi tumejaribu, na matokeo yake unayajua.

Kuna jambo jingine ambalo plastiki inalifanya na chuma hakiwezi. Kiini kilichokaa miaka mingi huwa kimeshikwa na nta ya kiwandani, rangi, au vumbi lililogeuka gundi. Ukikizungusha kwa kijiti cha plastiki na kimekwama, kijiti kinaanza kujipinda mkononi mwako, unaona na unahisi. Hiyo ndiyo fyuzi yako. Ukiona kinajipinda, acha, chukua draya ya nywele, pasha kikopo moto wa wastani dakika moja au mbili, kisha ujaribu kwenda na kurudi kidogokidogo, robo ya mzunguko isipite. Bisibisi ya chuma haikuonyi. Inakuwa ngumu, halafu inakuwa rahisi ghafla, na huo urahisi wa ghafla ndio mlio wa kitu kilichovunjika.

Na kabla hujagusa chochote, chora alama ndogo kwa kalamu nyembamba ya wino mzito, nusu kwenye kiini nusu kwenye ukingo wa kikopo, na uandike kwenye karatasi umezungusha mara ngapi na upande gani. Redio nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa "hazishiki steshoni" hazikuwa na shida ya vikopo hata kidogo. Kapasita ilikuwa imekauka au swichi imeoza, na mtu akaanza kuzungusha viini kama mtu anayetafuta namba ya kasiki.

Turudi kwenye ule usemi wangu wa kipande cha saketi. Ingiza bisibisi ya chuma kwenye kiini, zungusha hadi sauti ifike kileleni, kisha itoe. Sauti inashuka. Umerekebisha koili yenye chuma ndani, halafu ukakiondoa hicho chuma. Unaweza kukaa hapo hadi usiku wa manane ukifukuza kivuli. Kwa plastiki, ulichosikia kikiwa ndani ndicho utakachosikia kikitoka.

Hata hivyo tabia hiyo ya metali inaweza kukusaidia, na kile kiini chako kilichopasuka, siku ukikitoa, kinaweza kupata kazi mpya. Chukua bomba tupu la biro. Upande mmoja bandika kipande cha feraiti hiyo kwa gundi, upande wa pili bandika kipande cha skrubu ya brasi, ile shaba ya rangi ya dhahabu inayotengenezea koki za maji. Feraiti ikisogezwa ndani ya koili huongeza induktansi yake, yaani nguvu yake ya kuzuia mkondo usibadilike. Brasi huipunguza, kwa sababu mawimbi ya koili huzusha mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya brasi yenyewe na kuipinga koili. Kwenye koili za FM zisizo na kikopo, zile za waya wazi uliozungushwa mara nne tano, chomeka upande mmoja kisha mwingine huku ukisikiliza. Feraiti ikipandisha sauti, koili inahitaji kuongezewa, basi ibane mizunguko yake ikaribiane kidogo. Brasi ikipandisha, itanue. Zote mbili zikishusha, iache, iko sawa. Umejua la kufanya kabla hujahamisha chochote, na kifaa chenyewe hakijakugharimu.

Trima, zile skrubu ndogo nne mgongoni mwa kapasita ya kutafutia steshoni, zina udhia zaidi kuliko koili. Piga hesabu nami, wewe ni mhasibu. Chukua saketi ya FM iliyo kwenye megahezi 98 na kapasita ya jumla ya pikofaradi 20. Bisibisi ya chuma na mkono wako vikiongeza pikofaradi moja tu, masafa yanashuka kwa karibu asilimia 2.4, yaani megahezi mbili na zaidi. Hapa Nairobi, kwa namna steshoni zilivyobanana, umbali huo unaruka steshoni kadhaa. Ni kweli kwamba skrubu ikiwa imeunganishwa upande wa hasi madhara hupungua sana, lakini kwenye bodi ya zamani isiyo na mchoro huwezi kujua kwa kutazama. Tumia kitu kisichopitisha umeme, na uweke mkono mbali. Ndiyo sababu vijiti hivi hutengenezwa virefu.

Ukifika kwenye trima, ujue pia mpangilio wa kazi: upande wa chini wa dayo, ile mizani ya namba za steshoni, hurekebishwa kwa kiini cha koili ya osileta, upande wa juu kwa trima. Kimoja kikiguswa kinavuta kingine, kwa hiyo rudia mara mbili tatu hadi vitulie.

Sasa hicho kifaa cha plastiki unakipata wapi? Luthuli Avenue kuna pakiti za vijiti vya plastiki vya kurekebishia, vingi vikiwa na ncha bapa upande mmoja na pembe sita upande wa pili. Vingine ni laini kama mshumaa. Ukiwa dukani, kandamiza ncha kwenye ukucha wa kidole gumba uizungushe. Ikijikunja au ikiacha unga, rudisha. Angalia pia kama ncha ina kipande kidogo cha chuma kilichopachikwa. Vijiti vya namna hiyo vipo na vina kazi yake, ila si ndani ya koili.

Mimi kijiti ninachokipenda kuliko vyote nilikitengeneza kwa bodi mbovu. Bodi ya faibaglasi ya kawaida ina unene wa milimita 1.6. Kata ukanda wenye upana wa milimita nne hivi na urefu wa kalamu. Bandua shaba kwa kuipasha na chuma cha kulehemu huku ukiivuta kwa kibano. Ikigoma, ikwangue kwa msasa, lakini isibaki hata chembe. Kisha nyoosha ncha kwenye msasa uliolowa maji, ubavu huu mara kumi, ubavu ule mara kumi, hadi ifikie unene wa karibu nusu milimita, ukipima kwenye mfuo wenyewe kila mara. Maji si ya urembo. Vumbi la faibaglasi likiwa kavu linawasha ngozi na halifai kifuani. Ncha ikichakaa, unanoa tena kama kisu. Nimekuwa nacho miaka na bado hakijafika nusu ya urefu wake.

Sindano ya kufumia sweta nayo inafaa kwa trima, ile ya plastiki, si ya alumini iliyopakwa rangi. Biashara Street hukosi. Ikwaruze kwanza kwa kisu uone ndani. Na ukibanwa sana jioni, kijiti cha mshikaki kilichokauka vizuri kitakufikisha asubuhi, kazi moja tu kisha unakitupa.

Kabla sijaiacha redio: spika. Ina sumaku yenye nguvu, na bisibisi ya chuma ikipita karibu inanyakuliwa mkononi, ncha inaenda moja kwa moja kwenye karatasi ya spika. Nimeona hili likitokea kwa watu wenye mikono mitulivu kabisa.

Moduli zako za kushusha volti ni habari nyingine. Hapo hakuna koili unayoigusa. Ile priseti ya buluu ni kipingamizi, na chuma kinaruhusiwa bila wasiwasi wa masafa. Nyingi za moduli za LM2596 zina priseti ya omu 10,000 inayozunguka mara 25 kutoka mwanzo hadi mwisho, yaani omu 400 kwa kila mzunguko. Kwenye moduli yenye kipingamizi cha pili cha omu 330, kile kilichoandikwa 331, hiyo ni karibu volti moja na nusu kwa mzunguko mmoja. Ukitaka volti 5.0 na wewe una 5.1, unahitaji kuzungusha chini ya sehemu moja ya kumi. Bisibisi inayocheza ndani ya mfuo haiwezi kazi hiyo. Nusu ya mwendo wa mkono wako inaishia kwenye mchezo, halafu inaruka.

Tafuta bisibisi bapa ya chuma yenye ncha ya upana wa milimita 2 na unene wa 0.4, yenye kofia inayozunguka juu ya mpini ili kidole cha shahada kikae pale huku gumba na cha kati vikizungusha. Bisibisi iliyokula priseti yako, nadhani ilikuwa na ncha nyembamba sana, ya milimita moja hivi, ikawa inashika katikati tu ya mfuo. Kichwa cha priseti ni cha brasi na brasi ni laini. Pengine pia uliendelea kuzungusha ukidhani haijafika mwisho. Priseti hizi hazina kizuizi. Zikifika mwisho husikika mlio mdogo, tik, kila mzunguko, na unaweza kuzungusha hadi Krismasi bila kitu kubadilika. Kwenye zile moduli ndogo za kupandisha volti za MT3608 hali ni ya kuudhi zaidi, kwani nyingi zikiwa mpya unapaswa kuzungusha kinyume cha saa mara kumi au zaidi kabla volti haijaanza kusogea, na watu huzitupa wakidhani zimekufa. Weka mita kwenye matokeo, zungusha taratibu, subiri. Na zisiguswe kila siku. Priseti za aina hii hutengenezwa kwa mizunguko mamia machache ya kwenda na kurudi katika maisha yake, si kama kitufe cha sauti.

Chuma kinaruhusiwa, nimesema, lakini si kila mahali. Zile pawasaplai za volti 12 zenye sanduku la bati, za kamera na taa za ukanda, zina priseti ndogo iliyoandikwa V ADJ kwenye mstari uleule wa skrubu za nyaya. Mwisho mmoja wa mstari huo kuna umeme wa stima wa volti 240, na ndani ya sanduku, baada ya kunyooshwa, yaani kugeuzwa kuwa umeme wa mkondo mmoja kama wa betri, unafika karibu volti 340. Niliwahi kuirekebisha moja kwa bisibisi ya shingo ndefu ya chuma kitupu, nikiwa na haraka. Ikateleza, ikagusa skrubu ya chanya na sanduku kwa pamoja. Cheche, mlio, giza dukani. Bahati nilikuwa mwisho wa volti 12, sio ule mwingine. Tangu siku hiyo V ADJ naigusa kwa kijiti cha plastiki tu, mkono mmoja, mwingine mfukoni. Zile bisibisi ndogo za mpini wa chuma katika seti yako hazikukingi na stima hata kidogo. Inayokinga huandikwa 1000V kwenye mpini wenyewe, na zenye ncha ndogo ya kutosha kwa priseti ni chache.

Kwa A4988 nageuka kabisa: huko nataka chuma, na nakitaka kwa sababu kinakuwa kipande cha saketi. Kile kichwa cha chuma cha priseti yake ndicho chenye volti unayotaka kupima. Bana shingo ya bisibisi kwa klipu ya mdomo wa mamba, unganisha klipu na waya chanya wa mita, waya hasi weka kwenye hasi ya bodi. Sasa unapozungusha unasoma volti papo hapo, bila kuhangaika na mikono mitatu. Tafuta vipingamizi viwili vidogo vilivyo karibu na chipu. Vikiwa vimeandikwa R100, ni vya omu 0.1, na kanuni ni volti sawa na mkondo mara 8 mara 0.1. Ukitaka kikomo cha ampea 1, weka volti 0.8. Vikiwa vya thamani nyingine, badilisha hesabu. Umeme wa mantiki, ule wa kuendeshea chipu, wa volti 5 unatosha kwa kipimo hiki, mota iache nje. Na mota ikishaunganishwa, usiichomoe wakati bodi ina umeme. Ndivyo bodi hizi zinavyokufa kwa wingi.

Seti yako ya vipande thelathini usiitupe. Ifanye ya kufungulia vifuniko. Angalizo moja tu: redio ya Kijapani ya zamani mara nyingi ina skrubu za nyota za kipimo cha JIS, kiwango cha viwanda vya Japani, na baadhi yake zina kidoti kidogo kichwani. Nyota ya kawaida ya Phillips huruka nje ya skrubu hizo na kuzila. Ukibahatika kupata moja ya JIS kwenye vyuma vya mtumba Gikomba, inunue bila kufikiri mara mbili, maana inafanya kazi vizuri kwenye skrubu nyingi za Phillips pia.

Na kauri? Rafiki yako hakukudanganya. Ncha yake hailiki upesi, haipitishi umeme, haivutwi na sumaku, na ile ya milimita 0.4 kwa 1.8 inaingia kwenye trima vizuri mno. Lakini ni kauri. Ikianguka kwenye sakafu ya saruji, au ukiitumia kubandulia kitu mara moja tu, inakatika, na mhasibu anayefanya kazi usiku mezani ataiangusha. Ningenunua bisibisi ya chuma ya milimita 2 na pakiti ya vijiti vya plastiki leo, nitengeneze kile cha faibaglasi Jumamosi, na kauri niiachie siku utakapokuwa unarekebisha trima kila wiki.

Kile kikopo cha njano usijaribu kukiziba gundi. Gundi ikitiririka pembeni, kiini kitaganda hapo milele. Kama vipande bado vimekaa ndani na redio inasema, iache kwanza, huenda hakikuhama sana. Kama imenyamaza, tafuta redio mfu ya AM yenye vikopo vya ukubwa uleule, toa chake cha njano chote pamoja na miguu yake, na unyonye lehemu kutoka miguu yote, hata ile miwili ya bati, kabla hujakivuta. Kikisha kuingia, hutahitaji kukizungusha zaidi ya nusu mzunguko huku wala huku, na kwa plastiki.